Mwito wa Tisa

Magoti yalianza kumlalamikia Sechelela kwenye ngazi ya nne, na kibanda cha mwito kilikuwa juu ya ngazi kumi na sita. Alisimama, akashika kiuno, akaitukana kamati ya kijiji kwa sauti ya chini, kisha akaendelea kupanda. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwamshaji wa Malolwe, na katika miaka yote hiyo hakuna kikao kilichowahi kukumbuka kwamba mtu anayeamsha mbegu za kijiji kizima naye huzeeka.

Chini yake bonde lilikuwa jekundu na kavu, halina hata jani la kumdanganya mbuzi. Mbegu zilikuwa ardhini tangu mwezi wa tisa. Watu walikuwa wameberega mashamba kama babu zao, wakikwangua mabua juujuu bila kulima, wakachimba vishimo, wakatia punje nne nne za mtama sinzia, wakafukia, wakaenda zao. Tangu siku hiyo kazi yao kubwa ilikuwa kumtazama Sechelela. Akipiga chafya sokoni, watu waligeuka.

Kibandani, taa ya kijani ilikuwa inawaka kwenye kisanduku cha utabiri. Alikaa kwanza kwenye kigoda, akavuta pumzi, ndipo akabonyeza. Sauti ya mle ndani, ambayo haikuwahi kujua haraka wala huruma, ilisoma habari zake: bonde la Malolwe, mvua kesho saa kumi na moja jioni, unyevu wa kutosha kwa siku sitini. Mlima wa Chibwe, hakuna mvua kwa wiki tatu.

"Haya," alisema peke yake. Mwaka jana taa ile haikuwaka kabisa, na Malolwe ilikula unga wa msaada wenye harufu ya gunia mpaka watoto wakausahau ugali wa nyumbani. Alipaswa kuruka kwa furaha. Lakini alikuwa amechoka kiasi kwamba hata furaha ilimjia polepole, kama nayo ilikuwa inapanda zile ngazi.

Enzi za bibi yake, mbegu zilikuwa zinadanganywa na mvua ya kwanza. Inanyesha siku mbili, mbegu zinachipua kwa shangwe, jua linarudi wiki tatu, na kila kitu kinaungua. Mtama sinzia ulitengenezwa usidanganyike. Ganda lake halijali maji; unaweza kulilowesha mwezi mzima lisistuke. Kinachoupasua ni mtetemo. Nguzo ya chuma ilikuwa imezamishwa mita thelathini kwenye mwamba chini ya mnara, na ilipotikiswa kwa mapigo yake maalumu, punje za ukoo mmoja zilisikia na kuamka, nyingine zikaendelea kulala. Mtama mwekundu wa Malolwe uliamka kwa mwito wa tisa. Mtama mweupe wa Chibwe uliamka kwa mwito wa kumi na nne, na Chibwe walikuwa na mnara wao.

Masharti yake yalikuwa machache na magumu. Mtetemo hupita kwenye udongo mkavu tu. Udongo ukishalowa, unazama njiani. Na ganda likishapasuka, kiini kina siku sita za kupata maji. Zikipita, kinakauka, na hakuna fundi wa kukirudishia uhai. Kwa hiyo mwamshaji hupiga mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua kugusa ardhi, na akishapiga amepiga.

Alikuwa anapangusa vumbi kwenye mkono wa mtambo uliotikisa nguzo aliposikia mtu anapanda mbio. Alikuwa Nyemo, binti yake, aliyeolewa Chibwe miaka sita iliyopita. Vumbi lilikuwa limempanda hadi mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona asubuhi yote hii? Watoto wazima?"

"Wazima." Nyemo hakukaa. Alifungua pindo la kanga na kummiminia mama yake punje chache kiganjani. "Nimeona mawingu upande wenu. Nikakimbia."

Punje zilikuwa nyekundu.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Shambani kwangu, mama. Na ziko kwa mama mkwe. Na kwa kina Chedego. Mashamba thelathini na manne." Alikung'uta pindo la kanga. "Mwezi wa saba fukusi walimaliza mtama wetu mweupe ghalani. Tulipanda tulichokuwa nacho."

Sechelela hakuuliza walikipata wapi. Alijua. Binti wa Malolwe akiolewa haondoki mikono mitupu. Mama yake humfungia kibuyu cha mbegu, ili shamba lake la kwanza ugenini liote kitu cha kwao. Ilikuwa hivyo kabla ya mitambo, na mitambo ilipokuja, ushirika wa mbegu ukakataza: ukoo wa mbegu usivuke mpaka wa kijiji. Mwamshaji ndiye aliyetakiwa kukagua mizigo ya maharusi. Kwa miaka kumi na tisa Sechelela alikuwa amesimama njiani kila harusi, akageukia pembeni, na mara nyingine akapiga vigelegele ili asisikie punje zinavyocheza ndani ya kibuyu. Kibuyu cha Nyemo alikifunga yeye mwenyewe. Alijiambia kwamba konzi chache za mtama haziwezi kumdhuru mtu, na kusema kweli alipenda pia jinsi akina mama walivyomshukuru kwa macho.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Walinikataza. Walisema ukijua itabidi uripoti, watakuja watung'olee. Tukadhani utapiga mwishoni mwa Januari, kama mwaka juzi, na sisi tutakuwa na mvua yetu." Nyemo alionyesha sakafu kwa kidole. "Mwamba ni mmoja, mama. Ukipiga hapa, kwetu zinasikia."

"Najua mwamba ni mmoja," Sechelela alisema kwa ukali usiomstahili binti yake.

*

Mwenyekiti wa kijiji, Chilongola, alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, mtu mnene mwenye tabia ya kukunja kofia anapofikiri. Aliikunja mpaka ikawa kama mandazi.

"Nani anajua?"

"Sisi watatu, na Chibwe nzima."

"Chibwe hawatasema, maana wao ndio wamevunja masharti." Alimtazama Nyemo, akakohoa. "Samahani mwanangu. Lakini shemeji, piga mwito. Kaya mia nne na kumi na mbili zinasubiri. Ghala limebaki na magunia ya kuhesabu kwa vidole. Usipopiga kesho, mvua italowesha, na huna tena mwito mpaka mwakani. Unataka watu hawa wale nini?"

"Sijasema sipigi."

"Basi unanipandisha presha ya nini?"

Sechelela alikuwa ameketi akizitazama punje kiganjani. Kama angenyamaza, mambo yangekwenda sawa kabisa. Mtama wa Malolwe ungeota, wa Chibwe ungekauka, na watu wangesema Chibwe wana mkosi. Hakuna ambaye angekuja kumuuliza habari za vibuyu. Wazo hilo lilikuwa tamu, naye aliogopa lilivyokuwa tamu.

"Punje zikitolewa udongoni hazisikii," alisema. "Zikikaa juu ya kichanja, mbali na ardhi, unaweza kupiga usiku na mchana. Zifukuliwe. Chibwe watazipanda tena, na wiki ya tatu mnara wao utapiga tisa."

"Mashamba thelathini na manne? Kwa siku moja na nusu? Punje moja moja?"

"Tukienda wote, inawezekana."

Chilongola aliikunjua kofia. "Sasa hapo itabidi uwaambie watu kwa nini."

"Nitawaambia."

"Watakuvua kazi."

"Heri wao watakaozipanda hizi ngazi," alisema Sechelela.

Waliwaita watu penye mashine ya kusaga, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli kipana. Sechelela aliwaambia yote, bila kupamba: mvua inakuja kesho, mwito utapigwa saa kumi alasiri, na ukipigwa utaua mashamba ya Chibwe kwa sababu yeye aliacha vibuyu vivuke. Alipotaja mvua watu walipiga makofi. Alipofika kwenye vibuyu, makofi yalikufa moja moja.

"Nani aliwaambia wapande mbegu zetu?" aliuliza mwanamume mmoja nyuma.

"Mbegu zenu?" Mama mmoja aligeuka. "Zile zilitoka ghalani kwangu. Nilimpa mwanangu. Wewe ulimpa wako nini, redio?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Mwingine akasema hakuna haja ya kusumbuka, Malolwe ikivuna itawagawia Chibwe. Wengi waliitikia kwa haraka, kama watu wanaofunga mlango. Sechelela alikuwa ameshaisikia ahadi hiyo miaka mingine, kabla ya mavuno, na alikuwa ameona inavyopungua kila gunia linapoingia ndani ya nyumba.

"Nimechoka kama nyinyi," aliwaambia. "Sina hotuba. Ninayekwenda ni mimi, na nina jembe moja."

Waliomfuata kwanza walikuwa akina mama kumi na mmoja waliowahi kufunga vibuyu. Kisha waume zao, wengine wakinung'unika njia nzima. Kisha watu ambao hawakuwa na mtoto Chibwe wala shughuli yoyote kule, na hao Sechelela hakuwaelewa, akawashukuru tu. Jumla yao hawakufika sitini. Wa mwisho kutokea, akihema kwenye mwinuko, alikuwa Chilongola.

"Usiniangalie hivyo, shemeji," alisema. "Bado naona ni ujinga."

*

Kufukua mtama ni kazi ya kichaa. Mtu hupanda akiwa amesimama, lakini hufukua akiwa amepiga magoti. Unatafuta kishimo, unakwangua kwa kijembe, unapapasa kwa vidole mpaka upate punje nne, na ukipata tatu unabaki hapo unaitafuta ya nne huku jua linakupiga mgongoni. Watu wa Chibwe waliwapokea bila maneno mengi. Waliona aibu, na wageni wao walikuwa na hasira, na vyote viwili vilisaidia kazi kwenda.

Kabla hawajaanza palitokea swali la shamba gani litangulie. Baba mkwe wa Nyemo alisema waanze na la Nyemo, kwa kuwa ndiye aliyekimbia kuleta habari. Wachache walitazamana. Sechelela aliyaona macho yale na kuyasoma vizuri: binti wa mwamshaji, aliyepewa kibuyu na mwamshaji, sasa aokolewe wa kwanza.

"La Nyemo litakuwa la mwisho," alisema.

Nyemo aliinua kichwa. Alichukua kijembe akaenda kufukua kwa kina Chedego.

Walifanya kazi mpaka giza likawazuia, wakalala walipoangukia, wakaamka alfajiri. Sechelela hakuhisi tena magoti, jambo lililompa wasiwasi zaidi kuliko maumivu. Kufikia saa nne asubuhi walikuwa wamemaliza mashamba kumi na tisa, na punje zilikuwa zimetandazwa kwenye vichanja, nyekundu, salama, haziwezi kusikia chochote. Saa sita yakawa ishirini na mawili. Upande wa bondeni mawingu yalikuwa yamejaa, meusi, mazuri, ya aina ambayo mtu hukesha akiyaomba.

Saa saba Chilongola alimfuata, kofia imelowa jasho.

"Kwenda bondeni ni mwendo wa saa mbili kwa miguu yako. Ukichelewa hapa, tumekosa kote."

"Yamebaki mangapi?"

"Kumi na moja."

Sechelela alitazama upande wa shamba la Nyemo. Lilikuwa pembezoni, karibu na mawe, limetulia, halijaguswa. Angeweza kusema neno moja. Watu wangelihamia wote na kulimaliza kabla hajafika mnarani, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angemlaumu mama kwa hilo. Nyemo alikuwa katikati ya shamba la mtu mwingine, amempa mgongo, vidole udongoni. Alikuwa anajua mama yake anamtazama. Hakugeuka.

"Endeleeni kwa mpango," Sechelela alisema, na akashuka mlima.

*

Kibandani alipiga simu. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Manane," Chilongola alisema. "Tumebakiza manane. Upepo wa huko ukoje?"

"Unanuka mvua." Ulikuwa unanuka kweli, ile harufu ya vumbi linalosubiri. Bondeni watu walikuwa wamesimama milangoni. Wengine walikuwa wameshatoa ndoo na sufuria nje. "La Nyemo?"

"Ni mojawapo. Shemeji, tunaweza kuacha hili tulipo tukakimbilia lile. Robo saa, watu hamsini, tutapata hata nusu yake. Sema tu."

"Hilo mlilopo ni la nani?"

"La mjane mmoja. Ana wajukuu watano."

Sechelela alilaza kiganja kwenye mkono wa mtambo. Mtambo ulitambua mkono wake, kama ulivyoutambua miaka kumi na tisa, na kufuli likafunguka. Alichukia kwamba mtambo haukuuliza chochote. Alichukia vibuyu, na harusi, na moyo wake mwepesi uliotaka kupendwa na kila mtu, kwa sababu ndio ulioyaleta haya yote. Kama angekuwa mkali miaka ile, leo angepiga mwito akaenda kunywa chai.

"Malizeni la mjane," alisema.

Saa kumi kamili alivuta.

Mwito hausikiki kwa masikio. Ulianzia kwenye nyayo, ukapanda kwenye mifupa ya miguu, ukamtikisa meno. Watoto bondeni walianza kuruka pekupeku na kucheka, kama walivyofanya kila mwaka ulipopigwa. Dakika tatu. Kisha ardhi ikatulia, na bonde zima, mbegu kwa mbegu, lilikuwa macho. Hata mlimani.

Mvua ilikuja saa kumi na moja na dakika ishirini. Ilimkuta Sechelela bado ameketi kwenye kigoda, na kutoka chini alisikia watu wanamwita kwa jina lake, wanamshangilia. Hakutoka nje.

*

Siku ya nne aliomba ruhusa kwa kamati, ambayo ilikuwa haijaamua imfanye nini, akapanda kwenda Chibwe. Malolwe aliiacha ikiwa na matope na kelele, na mashamba yenye mistari ya kijani mpaka macho yanapoishia. Kwenye njia ya mlimani, kuanzia kwenye bega la kilima, vumbi lilianza tena kana kwamba mtu alilipigia mstari.

Alilifikia shamba la Nyemo kabla ya kufika nyumbani kwake. Alitegemea kukuta ardhi tupu. Alikuta mtama umeota.

Ulikuwa umeota vizuri, hilo ndilo lililomkata maini. Kila kishimo kilikuwa na vijani vyake viwili vitatu, vyembamba, vimesimama wima kwenye vumbi kavu, vinaishi kwa akiba ya punje na kwa kile kidogo kilichobaki ndani ya ganda. Mtu asiyejua angesema shamba lina afya. Bado zilikuwa siku mbili.

Nyemo alikuwa kwenye mstari wa kwanza, amechuchumaa. Kando yake palikuwa na ndoo ya maji ya kunywa, ile ambayo familia za Chibwe zilikuwa zinapewa moja kwa siku kutoka kisimani. Alikuwa na kikombe cha bati. Alikuwa anamimina kidogo kwenye kishimo, anangoja udongo unywe, anasogea kwenye kishimo kingine. Alikuwa amefika cha kumi au cha kumi na moja, na shamba lilikuwa na vishimo elfu kadhaa. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Nyemo."

"Nitamaliza huu mstari tu."

"Watoto wamekunywa?"

Nyemo alichota, akamimina, akasogea.

Sechelela alishuka kwenye magoti, polepole, mkono mmoja ardhini, mpaka akawa sawa na binti yake. Alikuwa amekuja na maneno ya kuomba msamaha, ameyapanga njia nzima, na sasa aliona kwamba kabla ya hayo kulikuwa na kazi nyingine, na kwamba hakuna mtu mwingine wa kuifanya. Alinyoosha mkono akakishika kikombe. Nyemo hakukiachia. Walikishika wote wawili, bila kuvutana.

"Acha, mwanangu," alisema. "Acha mtama ufe."

"Wewe ndiye uliyeuamsha."

"Mimi ndiye."

Vidole vya Nyemo vililegea. Sechelela alichota kikombe kikajaa, akakipeleka mdomoni kwa binti yake kama alivyofanya zamani mtoto huyu alipokuwa na homa, na akakishikilia hapo mpaka Nyemo akaanza kunywa. Alikunywa machozi yanamtoka, amemkazia mama yake macho, mpaka kikombe kikaisha. Kisha Sechelela aliinuka, akajitwika ndoo, akatangulia kuelekea nyumbani, akipita katikati ya mistari kwa uangalifu ili asikanyage mtama.